Kufundisha Anwani na Milango ya Mtandao kwa Mfano wa Sanduku la Posta

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanamwonyesha mwanachuo namna ya kuwafundisha watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi jinsi ujumbe unavyoifikia kompyuta moja miongoni mwa nyingi zinazotumia intaneti moja. Pili, yanamwandaa mwalimu kwa kazi ambayo huenda akaitwa kuifanya yeye mwenyewe, yaani kuelekeza mlango katika ruta ya nyumbani au ya shule, ili mtu aliye nje aweze kuifikia kompyuta iliyo ndani.

Madhumuni haya tumeyaunganisha kwa makusudi. Mwalimu anayekariri hatua za kubonyeza bila kuelewa maana yake hufungua mlango asiojua unakoelekea. Kwa hiyo tunasisitiza tangu mwanzo maswali matatu ambayo sharti yajibiwe kabla ya mlango wowote kufunguliwa: Je, mlango huu ni wetu? Unaelekea kwa nani? Na nani mwingine anaweza kuupita?

1. Kutoka lijulikanalo kwenda lisilojulikana

Kanuni hii ya ualimu ni ya zamani, nasi hatuoni sababu ya kuiacha kwa kuwa tu somo ni jipya. Mtoto wa Kasulu au Kibondo huja shuleni na Kiha cha nyumbani. Darasani hufundishwa kwa Kiswahili. Kisha ruta humsemesha kwa Kiingereza. Tukianza somo kwa maneno yaliyo kwenye kioo cha kompyuta, tumemvusha mito miwili kwa mara moja. Yafaa basi tutafute kitu anachokijua, ambacho kinafanya kazi ileile.

Kitu hicho ni sanduku la posta. Katika vijiji vya nyanda za juu za Kigoma, barua haipelekwi mlangoni kwa mtu. Huandikwa jina la mtoto, kisha "kwa mkono wa Mwalimu Mkuu", kisha S.L.P. ya shule na jina la mji, Kasulu au Kibondo. Posta haimjui mtoto, inalijua sanduku. Barua ikishafika shuleni, ni kazi ya shule kujua nani apewe.

Ruta hufanya vivyo hivyo. Ni chombo kidogo kinachoziunganisha kompyuta na simu za nyumba au ofisi moja na intaneti. Kwa nje ina anwani moja, ambayo ndiyo S.L.P. yake. Kwa ndani huipa kila kompyuta anwani yake ndogo, aghalabu inayoanza na 192.168. Anwani hizo za ndani hazina maana nje ya nyumba, kama vile "dawati la tatu karibu na dirisha" lisivyo na maana posta. Shule elfu moja zaweza kuwa na kompyuta yenye anwani 192.168.1.12 bila kugongana, kama zinavyoweza kuwa na dawati la tatu.

Mfano huu una fadhila ya pili. Barua ya serikali huwa na maneno haya upande wa juu: "Unapojibu tafadhali taja", yakifuatiwa na Kumb. Na. Kwa kumbukumbu hiyo, jibu likirudi, karani wa masjala hulitambua jalada linalohusika. Ruta nayo hutumia namba ya namna hiyo. Huitwa namba ya mlango, au poti, nayo huanzia 0 na kuishia 65,535. Kompyuta ya ndani inapotuma ujumbe, ruta hufuta anwani ya ndani, huandika anwani yake ya nje pamoja na namba ya mlango, na kutia kumbukumbu katika daftari lake. Jibu likirudi na namba ile, ruta hutazama daftari na kumpa mwenyewe.

Mwanachuo aangalie matokeo ya utaratibu huu. Ujumbe ulioanzia ndani hupata njia ya kurudi. Ujumbe ulioanzia nje, bila kuitwa, hauna kumbukumbu katika daftari, na ruta huutupa. Huo si ubovu wa ruta. Ni ulinzi ambao nyumba nyingi zinao bila hata kujua.

Kuelekeza mlango ni kumpa karani amri ya kudumu: "Kila barua itakayokuja na namba fulani, hata kama hatukuitarajia, ipelekwe kwa fulani." Hiyo ndiyo maana yote ya kazi hii.

2. Andalio la somo

Darasa: madarasa ya juu ya shule ya msingi.
Muda: vipindi viwili vinavyofuatana, dakika 80.
Zana: bahasha au karatasi zilizokunjwa 30, daftari moja, chaki, kadi za namba, ubao. Kompyuta haihitajiki.
Lengo: mwisho wa somo kila mwanafunzi aweze kueleza kwa maneno yake kwa nini ujumbe mmoja hufika na mwingine hutupwa.

Matayarisho. Darasa ndilo nyumba. Watoto wanne wakae mbele, kila mmoja na kadi ya namba: 11, 12, 13 na 14. Hao ni kompyuta. Mtoto mmoja, mwenye mwandiko mzuri, akae mlangoni na daftari. Huyo ni Karani, yaani ruta. Watoto watatu wasimame nje kwenye baraza, wakiitwa Dar es Salaam, Nairobi na Kigoma. Waliobaki ni watazamaji, lakini wana kazi: kila mmoja aandike ni barua ngapi zilifika na ngapi zilipotea, na sababu yake.

Hatua ya kwanza: barua inayotoka. Namba 13 aandike swali fupi kwa Nairobi. Karani afute "13", aandike S.L.P. ya shule na kumbukumbu, tuseme 501, na kutia daftarini: "501 ni ya 13." Nairobi ajibu, akitaja 501. Karani atazame daftari na kuipeleka. Hatua hii irudiwe na watoto wawili kwa wakati mmoja, ili darasa lione kwamba majibu hayachanganyiki.

Hatua ya pili: barua isiyotarajiwa. Kigoma alete barua iliyoandikwa S.L.P. tu, bila kumbukumbu iliyo daftarini. Karani aitupe kikapuni. Hapo mwalimu asimame na kuuliza: Je, Karani amekosea? Aachie mabishano yaendelee kwa dakika chache. Wako watakaosema Karani ni mkatili. Wako watakaosema hakuwa na la kufanya. Mwalimu asitoe jibu upesi, kwa kuwa ubishi huu ndio kiini cha somo.

Hatua ya tatu: amri ya Mwalimu Mkuu. Mwalimu abandike ubaoni: "Barua yoyote yenye namba 8080 apewe 12." Kigoma alete barua yenye 8080. Sasa inafika. Darasa lieleze kilichobadilika: si barua, si Kigoma, bali amri aliyopewa Karani.

Hatua ya nne: kuhama kiti. Mwalimu awabadilishe watoto wawili kadi zao, 12 awe 14, na 14 awe 12, bila kubadilisha amri. Barua ya 8080 iletwe tena. Itamfikia asiyehusika. Ndivyo inavyotokea umeme unapokatika na kurudi: ruta yaweza kugawa anwani za ndani upya, na amri ikabaki ikielekeza kwa kompyuta nyingine. Kwa hiyo kompyuta inayoelekezewa mlango sharti itengewe namba yake ya kudumu.

Hatua ya tano: sanduku la kushirikiana. Karani wa pili akae mwisho wa baraza, mbali na darasa. Aelezwe kuwa sanduku sasa ni la shule tatu, na ni yeye anayelifungua. Kigoma alete barua ya 8080. Karani wa pili hana amri yoyote, anaitupa. Karani wetu wa mlangoni, mwenye amri yake nzuri ubaoni, hata hakuiona. Darasa liulizwe: tukiongeza amri nyingine kumi mlangoni petu, je, zitasaidia? Jibu ni hapana, kwani sanduku si letu.

Hatua ya sita: mgeni. Mwalimu mwenyewe atoke nje, na bila kujitambulisha alete barua kumi zenye 8080, kila moja ikibahatisha neno la siri la namba 12. Karani atazipitisha zote kumi, kwa kuwa amri inasema "barua yoyote". Watoto watatambua wenyewe kwamba amri haikuuliza mtumaji ni nani.

Mwanachuo akiona muda haumtoshi, apunguze hatua ya nne, asiguse ya pili wala ya sita. Katika ya pili mtoto hujifunza kwamba mlango uliofungwa una sababu. Katika ya sita, kwamba mlango uliofunguliwa una gharama.

3. Kazi ya mwalimu kwenye ruta yenyewe

Sasa tuwaache watoto na kumgeukia mwalimu. Chukulia shule ya kufikirika iliyo kati ya Kasulu na Kibondo, yenye kompyuta moja iliyowekwa programu ya Kolibri. Programu hii, iliyotolewa na shirika la Learning Equality, huhifadhi masomo ndani ya kompyuta na kuyagawa kwa vifaa vilivyo karibu hata pasipo intaneti. Kwa kawaida husikiliza kwenye mlango 8080. Walimu wangependa kuifikia wakiwa makwao wakati wa kutayarisha masomo. Hatua ni hizi.

(a) Fungua ukurasa wa ruta kwa kuandika anwani yake ya ndani katika kivinjari, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Anwani hiyo pamoja na neno la siri la kwanza aghalabu huandikwa kwenye kibandiko chini ya chombo.

(b) Badilisha neno la siri la kiwandani kabla ya jambo jingine lolote.

(c) Itengee kompyuta ya masomo anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.12.

(d) Tafuta ukurasa wa kuelekeza milango. Kwenye kioo huandikwa Port Forwarding, na katika ruta nyingine Virtual Server. Mwalimu ayaandike maneno hayo katika daftari lake pamoja na maana yake, asitegemee kukumbuka.

(e) Jaza nafasi nne: mlango wa nje, anwani ya ndani, mlango wa ndani, na aina ya usafirishaji, yaani TCP au UDP. Kurasa za mtandao, na Kolibri ikiwamo, kwa kawaida hutumia TCP.

(f) Hifadhi, kisha jaribu ukiwa nje kwelikweli. Makosa mengi hutokea hapa. Mwalimu hujaribu kwa simu iliyounganishwa na ruta ileile, na ruta nyingi hazikubali mtu wa ndani kuzunguka na kuingia kwa anwani ya nje. Akishindwa hudhani amekosea kujaza. Simu ya kujaribia izimiwe Wi-Fi, itumie data ya laini yake.

4. Mlango huu ni wetu?

Mwalimu anaweza kuzifuata hatua zote bila kosa, na bado mlango usifunguke. Tunalitaja jambo hili kwa kirefu kwa sababu maelekezo mengi yaliyoandikwa ughaibuni hulipita haraka, nalo ndilo litakalomkuta mwalimu wa Kibondo kabla ya yote.

Anwani za intaneti za mtindo wa zamani, yaani toleo la nne, ni 4,294,967,296 tu. Tarehe 3 Februari 2011 ghala kuu la dunia liligawa mafungu ya mwisho kwa mashirika ya kanda. La Afrika ni AFRINIC, lenye makao Mauritius. Tangu hapo anwani zimekuwa adimu, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Huyo ndiye Karani wa pili wa hatua ya tano. Katika vijiji vingi vya Kasulu na Kibondo intaneti hufika kwa minara ya simu, kwa hiyo hali hii ni ya kutarajiwa.

Kuitambua ni rahisi. Katika ukurasa wa ruta tazama anwani ya nje iliyopewa. Kisha fungua tovuti yoyote inayomwonyesha mtu anwani anayoonekana nayo duniani. Zikilingana, sanduku huenda ni lako. Zikitofautiana, au ikiwa anwani ya ruta inaanza na 10, na 192.168, na 172.16 hadi 172.31, au na 100.64 hadi 100.127, basi sanduku ni la kushirikiana. Fungu hilo la mwisho lilitengwa mwaka 2012 mahsusi kwa matumizi ya kampuni za namna hii.

Katika hali hiyo mwalimu asilaumu mikono yake wala kubadilisha ruta. Ana njia tatu. Ya kwanza ni kuiomba kampuni anwani ya hadharani. Baadhi huitoa kwa malipo ya ziada. Ya pili ni kutumia mtandao binafsi wa siri, ujulikanao kwa herufi VPN: kompyuta ya shule na simu ya mwalimu zote huanza safari kutoka ndani na kukutana mahali pa tatu, nayo barua inayoanzia ndani, kama tulivyoona katika hatua ya kwanza, haizuiwi. Ya tatu ni kutofungua mlango kabisa. Masomo yanaweza kunakiliwa katika kijiti cha kumbukumbu na kupelekwa nyumbani, na Kolibri itaendelea kuwatumikia watoto waliomo darasani. Hatuoni aibu katika njia hii ya tatu. Mara nyingi ndiyo bora.

5. Unaelekea kwa nani, na nani mwingine anaweza kuupita?

Mlango uliofunguliwa hauoni uso wa mwalimu. Yapo mashine duniani ambazo kazi yao ni kupita kila anwani, usiku na mchana, zikigonga milango. Mwaka 2016 programu mbaya iliyoitwa Mirai iliingia katika kamera na ruta nyingi kwa kubahatisha maneno ya siri ya kiwandani, ikavigeuza vyombo hivyo kuwa jeshi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kadhaa zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa. Wenye kamera zile wengi hawakujua lolote. Walikuwa wameacha mlango, na wageni wakaupita.

Katika shule swali hili lina uzito zaidi, kwa kuwa kompyuta ya masomo mara nyingi ndiyo hiyohiyo yenye orodha ya majina, tarehe za kuzaliwa, maendeleo na vijiji vya watoto. Nyanda hizi zimepokea wakimbizi kwa miaka mingi: kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka 1996, na kambi ya Nduta, Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015 kuwapokea Warundi. Wapo watoto ambao familia zao zilikimbia ili zisitafutwe. Kwa mtoto wa namna hiyo, jina na mahali anapokaa si habari ndogo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, na anayezishika ana wajibu wa kuzilinda.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza masharti matano. Kompyuta inayoelekezewa mlango isiwe na kumbukumbu za wanafunzi. Kila anayeingia awe na neno lake la siri, refu, lisilotumika kwingine. Ujumbe usafiri ukiwa umefungwa kama barua ndani ya bahasha, yaani kwa HTTPS, usisafiri wazi kama kadi ya posta. Mlango 8080 kwa kawaida hausafirishi kwa kufunga, na anayeshindwa kuufungia atumie VPN. Ukurasa wa ruta wenyewe usifunguliwe kwa nje hata siku moja. Mwisho, amri yoyote isiyohitajika tena ifutwe, na kila amri iandikwe katika daftari la shule pamoja na tarehe, sababu na jina la aliyeidhinisha. Mwalimu akihamishwa, anayemrithi aikute habari hiyo, asikute mlango usio na maelezo.

Tena, wanafunzi waambiwe waziwazi kwamba kujaribu milango ya watu wengine bila ruhusa si mchezo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta wa mwingine bila idhini.

6. Upimaji

Maswali ya darasani yawe ya kueleza sababu, si ya kutaja majina. Kwa mfano: Kwa nini jibu kutoka Nairobi lilifika, na barua ya Kigoma ikatupwa? Amri ya Mwalimu Mkuu ilikuwa sahihi, lakini barua ikamfikia asiyehusika, kilitokea nini? Ungekuwa Mwalimu Mkuu, ungeandika amri gani ili mgeni wa hatua ya sita asifanikiwe? Swali hili la mwisho lina majibu mengi mazuri, na mwalimu ayapokee yote yenye hoja.

Kwa mwanachuo mwenyewe tunatoa zoezi moja. Achukue ruta yoyote aliyoruhusiwa na mwenyewe kuitazama, achore katika karatasi anwani ya nje, anwani za ndani na amri zote za milango alizozikuta. Mbele ya kila amri aandike majibu ya maswali yetu matatu: ni wetu, unaelekea kwa nani, nani mwingine anaweza kuupita. Amri itakayokosa jibu hata moja amwonyeshe mwenye ruta, na wazungumze kama kuna haja ya kuendelea kuwa nayo.